Bei Aliyoitaja Baba

Alois aliitwa shuleni mchana, mashine ya kusaga ikiwa inaunguruma na foleni ya akina mama imetoka nje hadi barabarani. Aliyeleta wito alikuwa mlinzi wa shule, naye hakutaka hata kushuka kwenye baiskeli.

"Mkuu anakuita. Sasa hivi," alisema, akageuza usukani.

Kuitwa shuleni hakukuwa jambo la kumtisha Alois. Binti yake Herieth alikuwa wa kwanza kwa kemia na biolojia katika kidato cha nne, na zaidi ya mara moja walimu walikuwa wamemsimamisha baba huyo mbele ya wazazi wenzake ili watu waone kwamba hata mtoto wa msaga unga anaweza. Kwa hiyo alizima mashine, akawageukia wateja wake.

"Ningojeni kidogo, jamani. Huenda binti amewapita hadi walimu wenyewe."

"Nenda, baba daktari," alijibu mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya mahindi. "Lakini unga wangu usilale humo ndani!"

Wakacheka. Alois akajipangusa kichwa kwa kofia, akaondoka na weupe wa unga kwenye nyusi.

Sekondari ya Lwanji ilikuwa pembeni kabisa mwa Malangali, pale nyumba za mji zinapoanza kuachana na mashamba kuingia katikati. Haikujengwa na serikali peke yake. Kila kaya ya kata ile ilifyatua tofali, na wasiokuwa na nguvu walichota maji. Darasa la kwanza kabisa lilisoma limekalia tofali zilizobaki. Matokeo ya kwanza yalipotoka, sifuri zilipangana hivi kwamba wazazi walipita nyuma ya nyumba ili wasiulizwe, na mji mzima ukaiita shule ile yeboyebo, kama ndala za bei ndogo. Kisha ikaja maabara, wakaja walimu wa sayansi, watoto wakaanza kwenda kidato cha tano, wengine wakafika vyuo vikuu, na jina lile likafa bila mazishi. Alois alikuwa miongoni mwa waliochanganya udongo. Kila alipopita kwenye ukuta wa maabara aliugusa kwa kiganja, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake mgongoni.

Siku hiyo pia aliugusa. Upepo wa Oktoba ulikuwa ukisukuma vumbi kutoka mashambani, na wanafunzi wa kidato cha nne, waliokuwa kambini wakijiandaa na mtihani wa taifa, walikuwa wamefunga madirisha wakisoma.

Ofisini alimkuta mkuu wa shule, Mwalimu Evodia, mwanamke mwembamba mwenyeji wa Bukoba aliyekuwa na mwaka wa pili tu pale. Kando yake aliketi kijana mmoja aliyevaa shati la mikono mirefu, akiwa na kalamu mkononi.

"Karibu, mzee Alois. Huyu ni Bwana Eustace, afisa ustawi wa jamii. Keti."

Kiti kilichobaki kilikuwa dawati la mwanafunzi. Alois aliketi magoti yakimfika kifuani.

"Nyumbani kwako kuna ng'ombe," alianza Eustace.

"Yupo mmoja. Mtamba."

"Wa nani?"

"Wa Shija, yule mfugaji wa kule ng'ambo ya mto."

"Alipomleta alisema amemleta kwa ajili ya nini?"

Alois aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akaelewa, na kicheko kikamtoka kutoka tumboni, kicheko cha mtu aliyeondokewa na wasiwasi.

"Aa, mmesikia habari za mahari! Ni utani huo, mheshimiwa! Mimi Mfipa, yule Msukuma. Ni mtani wangu. Anasema binti ni mke wake, mimi namwambia alete ng'ombe, yeye ananiambia Wafipa tunaroga kwa radi. Ndivyo tulivyo miaka yote."

Alicheka hadi unga ukamwanguka kutoka kwenye nyusi. Alikuwa anacheka peke yake. Eustace aliandika kitu.

"Unacheka, mzee?"

"Sasa nilie?"

"Hata kwetu kuna watani," alisema Mwalimu Evodia, na sauti yake haikuwa na hasira. "Najua utani. Mwaka jana baba mmoja aliketi hapo hapo ulipoketi wewe. Binti yake alikuwa kidato cha tatu. Akaniambia, mwalimu, watu wanazusha, sisi tunataniana tu. Nikamwamini. Wiki iliyofuata pikipiki ilikuja ikamchukua yule mtoto mchana kweupe. Hivi sasa ananyonyesha. Mimi siwezi kuamini kicheko tena, mzee Alois. Nisamehe."

"Kwa anayemwoa mwanafunzi ni miaka thelathini jela," alisema Eustace. "Na anayemsaidia ana fungu lake. Ijumaa nakutaka hapa wewe na huyo Shija. Nisiporidhika, jalada linakwenda polisi na binti nampeleka nyumba ya hifadhi, Mbeya, mpaka kesi iishe."

"Mbeya! Na mtihani wake?"

"Mtihani upo kila mwaka."

Mwalimu Evodia aligeuza uso kutazama dirishani. Ilionekana jibu lile hata yeye halikumpendeza, lakini hakulipinga.

Alois alijaribu kusimama, dawati likamng'ang'ania magotini. "Nimwone mwanangu."

"Hapana. Mpaka Ijumaa."

"Nani amewaletea maneno haya? Nitajieni tu jina."

"Hilo halikuhusu, mzee."

Alitoka bila kuaga. Alipopita mbele ya darasa alimwona Herieth nyuma ya kioo, kichwa kimeinama. Binti aliinua macho, wakatazamana. Kisha binti akarudisha macho kwenye kitabu, kama mtu aliyetazama tu hali ya hewa.

Hakurudi mashineni. Miguu ilimpeleka mtoni, akavuka, akapanda hadi kwenye boma la Shija. Mfugaji huyo, mtu mrefu mwenye kofia ya pama, alikuwa amemlaza dume chini akimkagua kwato.

"Baba mkwe!" alipaza sauti alipomwona. "Umekuja kudai zilizobaki? Zingine bado zinanyonya! Subiri kidogo, tamaa ya Mfipa itamuua!"

"Nyamaza, Shija."

"Na mke wangu hajambo? Mwambie asisome sana, macho yakiharibika nani atanihesabia ng'ombe?"

"Nimesema nyamaza!" Alois aligeuka akatazama njia aliyotokea. "Na usiniite hivyo tena."

Shija alicheka zaidi, maana katika utani ukali nao ni kiungo. Ilibidi Alois amshike bega na kumweleza neno kwa neno. Hapo mfugaji aliiachia kamba, dume likasimama lenyewe likaenda zake. Shija akakalia hori la maji.

"Miaka thelathini," alisema. "Mtani, nikitoka huko nitakuwa mzimu."

"Acha mzaha."

"Sifanyi mzaha. Nafikiri." Alivua kofia, akaivaa tena. "Usiku huu nivuke mpaka pale Kasesya. Nina ndugu upande wa Zambia. Mambo yakipoa nitarudi."

"Ukikimbia umekiri. Watanifunga mimi niliyebaki."

"Basi mrudishe mtamba leo hii, tuseme hakuwahi kuwapo."

"Ameshaonekana, Shija. Tukimrudisha leo watasema tunaficha ushahidi."

Mtamba yule hakuwa na siri yoyote. Shija alikuwa akigawa ng'ombe zake kwa marafiki, kama wafanyavyo watu wa kwao, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize mali yote. Ng'ombe wa mwenyewe, maziwa ya mlezi. Cornelia, mke wa Alois, alikuwa amekwisha andaa kibuyu. Lakini jambo kama hilo, ukilieleza mbele ya mtu mwenye kalamu, linanuka uongo.

"Shule hiyo hiyo," alisema Shija. "Mawe ya msingi wa maabara yote yalipita mgongoni kwa madume yangu."

Ilikuwa kweli. Alipofika mara ya kwanza akitokea bonde la Rukwa na mifugo yake, watu wa kata walikataa watoto wake wasome Lwanji. Hukufyatua tofali, walimwambia. Alois ndiye aliyesimama mkutanoni akasema, basi alete mikokoteni avute mawe. Shija alivuta mawe kiangazi kizima. Siku moja mkokoteni ulipinduka mtoni, dume lake bora likavunjika mguu, wakalazimika kulichinja pale pale. Alois, badala ya kumpa pole, alimwambia, "Msukuma, leo umefiwa na mke mkubwa." Watu waliziba midomo. Shija alimkodolea macho, kisha akacheka hadi akakaa chini kwenye maji. Utani wao ulianzia hapo, na haukupumzika hata siku moja.

"Kuna mtu ana kinyongo," alisema Alois. "Nikimjua huyo mtu, wallahi."

"Mkatoliki wewe, wallahi ya nini?" Shija aliropoka, kisha akajiziba mdomo kwa mkono.

Alois alimshuku Felisian. Huyo alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na siku mtamba alipoletwa alikuwa amesimama uani akicheka kuliko wote. Jioni hiyo, jua likiwa bado halijazama, Alois alimfuata akamkuta akiunga mpini wa jembe.

"Felisian, mimi na wewe tuna ugomvi gani?"

"Ugomvi? Umekunywa?"

"Umekwenda shuleni kusema namwoza Herieth."

Felisian aliliweka jembe chini polepole. "Sikwenda. Ningekwenda ningekwambia usoni, unanijua." Akasita. "Lakini nikuulize, baba Herieth. Ningekwenda, ningekuwa nimekosea?"

"Wewe ulikuwepo! Ulicheka!"

"Nilicheka kwa kuwa wewe ulicheka. Mtu akicheka kwake, jirani atanuna?"

Watoto wa jirani walikuwa wamejipanga mlangoni wakimtazama mzee akifoka. Alois aliondoka kwa hatua za mtu aliyeshinda, lakini hakujua ameshinda nini.

Nyumbani Cornelia alikuwa akichambua maharage kwa ajili ya kupeleka kambini. Alimsikiliza mumewe akizunguka chumba, akitaja majina ya maadui: fulani wa mashine ya pili, fulani wa kwaya, fulani aliyekosa ujumbe wa bodi ya shule. Majina yalipokwisha, aliuliza, "Herieth mwenyewe anasemaje?"

"Atasema nini? Anajua. Amekulia kwenye utani huu."

Cornelia alitupa punje moja mbovu. "Tangu yule mtamba aje, mwanao hakuwahi kumpelekea maji hata siku moja. Hata kupita upande ule alikuwa hapiti. Nilidhani uvivu wa vitabu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungecheka."

Nje, nyuma ya chumba cha binti yao, mtamba alikuwa akitafuna mabua, na mlio wake ulisikika ndani kwa ukaribu wa kushangaza.

Ijumaa walikutania kwenye maabara, kwa kuwa ofisini walimu walikuwa wakichapa karatasi za mazoezi. Walikaa kwenye stuli ndefu, miguu ikining'inia. Shija alikuwa amevaa koti zito la harusi na siku za baridi, jasho likimtiririka. Kofia alikuwa ameipakata kama mtoto mgonjwa.

Mwalimu Evodia aliingia na Herieth. Binti alikuwa amevaa sweta la shule lililofumwa upya kwenye viwiko. Na hapo ulimi wa Shija, uliofundishwa kazi moja kwa miaka mingi, ukaifanya kazi yake kabla ya mwenyewe kuuzuia.

"Mke wangu, huja—"

Neno likamfia mdomoni. Bomba moja la maabara lilikuwa likidondosha matone. Eustace aliandika, akapiga mstari chini ya alichoandika.

"Ni mazoea, mheshimiwa," alinong'ona Shija. "Mungu wangu. Ni mazoea tu."

"Nimesikia. Sasa tumsikilize aliyetuita." Eustace aligeuka. "Herieth, sema mwenyewe. Usiogope."

Alois alitazama mlangoni kwanza, akitegemea kumwona huyo mtu aliyewaita. Mlango ulikuwa umefungwa. Polepole shingo yake ikamrudisha kwa binti.

"Wewe?"

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Herieth aliweka mikono nyuma, kama anayejibu swali darasani.

"Baba Shija ananiita mke tangu nikiwa mdogo. Ananiletea miwa. Nilikuwa nacheka, sikumwogopa."

"Si mnaona!" Alois aliruka kutoka kwenye stuli. "Kumbe anajua!"

"Ngoja, baba. Sijamaliza." Akameza mate. "Siku mtamba alipokuja nilikuwa natoka bombani na ndoo. Akasema, hiyo mahari ya kwanza. Watu wakacheka. Mimi nikakutazama wewe. Nilitaka useme, huyu anasoma. Tena useme hata kwa utani. Wewe ukasema moja haitoshi, huyu ana kemia na biolojia, alete kumi."

"Mwanangu, huo ndio utani wenyewe!"

"Na Mbuke?"

Shija aliinamisha kichwa. Mbuke alikuwa binti yake wa tatu.

"Mbuke naye alikuwa anaitwa mke wa fulani, kwa utani," aliendelea Herieth. "Alifaulu darasa la saba. Jina lake lilibandikwa hapa ukutani, kidato cha kwanza, tukaliona wote. Hakuja hata siku moja. Ng'ombe zilikuja. Na wewe baba ulialikwa, ukala nyama. Ukarudi unasifu supu."

"Ni kweli hiyo?" Eustace alimuuliza Shija.

"Ni kweli," alisema Shija. "Andika."

"Hilo lina siku yake. Tutakutana tena, mimi na wewe."

Alois alikuwa bado amesimama. Alitafuta hasira, akaiona iko pale, lakini haikuwa na mahali pa kwenda. Mwanawe mwenyewe alikuwa amemshtaki mbele ya wageni, ndani ya kuta alizozijenga yeye. Jambo hilo lingetosha kumfukuza mtoto nyumbani. Lakini supu ile aliikumbuka. Ilikuwa na pilipili nzuri.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema mwishowe. "Hukuwa na mdomo? Ungeniuliza, baba, hii ni kweli au mzaha?"

"Ungecheka."

Ni jibu lile lile la mama yake, na hawakuwa wamekutana.

"Ng'ombe alikuwa wa kweli, baba. Mlimfunga nyuma ya chumba changu. Nikisoma namsikia anatafuna. Nikawa najiuliza, leo ni mmoja, nikitoka kambini nitakuta wangapi?"

"Sikuwa nakuuza!" Sauti ya Alois ilipasuka, akaona aibu nayo. "Nilikuwa najivuna. Nani mwingine kata nzima ana binti wa kemia? Nilikuwa najivunia wewe."

"Ungejivuna bila bei," alisema Herieth.

Mwalimu Evodia alimwekea mkono begani, lakini binti hakuwa analia. Shija ndiye aliyekuwa akijipangusa uso kwa kofia, na haikujulikana kama ni jasho.

Eustace aliyasoma tena aliyoyaandika. Alikuwa kijana, na mambo ya watu wazima yalimchosha usoni. Mwishowe alisema mtamba arudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, mchana, watu wakiona. Wazee wote wawili waende kwa mtendaji wa kata wakaweke sahihi kwamba binti huyu hana mchumba wala mahari, na neno lile lisitamkwe tena, si kwa kweli wala kwa mzaha. Herieth angebaki kambini na kufanya mtihani wake.

"Na mtihani ukiisha?" aliuliza Alois.

Hapo Herieth alitazama sakafu. Mwalimu Evodia ndiye aliyejibu. "Ameomba aende kwa shangazi yake, Kabwe. Nimempigia shangazi, yupo tayari kumpokea."

"Ziwani? Asirudi kwetu?"

"Nitamuuliza tena siku ya mwisho, mkiwa mbali naye. Atachagua."

Walimswaga mtamba mchana huo, Shija mbele na kamba, Alois nyuma na fimbo. Njia ya kwenda mtoni ilipita kwenye vibanda vya wauza nyanya na mafundi pikipiki. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyewajua wote wawili na vituko vyao, aliinuka kwenye kiti chake.

"Wazee wangu, vipi? Mahari imekataliwa? Mfipa ametaka ndege sasa?"

Kijiwe kizima kilicheka, kikangoja. Siku nyingine Shija angejibu kabla ya swali kuisha, na Alois angempiku, na nyanya zisingeuzwa kwa nusu saa. Walipita wote wawili wakiwa wameinamisha vichwa. Kicheko cha vijana kikakatika kimoja kimoja nyuma yao.

"Kwani kuna msiba?" mtu aliuliza.

Bomani Shija alifunga kamba, akageuka. Alionekana kama anatafuta kitu mfukoni.

"Asante, mzee Alois," alisema.

"Haya, bwana Shija."

Hawakuwa wamewahi kuitana hivyo. Na ndivyo walivyoendelea kuitana. Walipokutana mashineni, Shija alimwaga mahindi yake kwenye debe, akauliza habari za nyumbani, akajibiwa nzuri, akalipa, akaenda. Wateja waliwatazama kama watu wanaotazama nyumba iliyoezuliwa. Alois alishindwa kulala usiku, akashindwa kutulia mchana. Alikuwa akizima mashine bila sababu na kwenda hadi uzio wa shule, anasimama, anarudi. Alitengeneza dirisha la chumba cha Herieth lililokuwa halifungi vizuri. Alifukia shimo la kigingi cha mtamba, akapiga ufagio pale hadi Cornelia akamwambia ataifikia miamba.

"Shangazi wa Kabwe ana watoto wangapi?" alimuuliza mkewe siku moja.

"Unamuulizia nini dada yako mwenyewe?"

"Naulizia nafasi. Kama kuna mahali pa kusomea."

Cornelia aliendelea kusonga ugali.

Siku ya mtihani wa mwisho mvua za kwanza zilikuwa zimelowesha ardhi, na geti la Lwanji lilijaa wazazi. Kina mama waliimba, wengine walikuwa na unga wa kuwamwagia watoto kichwani, bodaboda walipiga honi kugombea abiria. Shija alikuwepo na mkokoteni wake, maana kila mwaka ndio uliobeba magodoro ya wanafunzi wa upande ule. Alisimama kando ya madume yake, mbali kidogo na watu. Alois alisimama upande wa pili wa geti. Cornelia alikuwa amebaki nyumbani akipika, kwa kuwa alikuwa ameamua kupika, aje mtu asije.

Kengele iligongwa. Wanafunzi walitoka wakipiga kelele, mashati yamekwisha andikwa majina kwa kalamu za wino. Waliimba, wakakumbatiana, wakapotea mmoja mmoja mikononi mwa mama zao. Geti likaanza kupwaya. Alois alihamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule.

Mwishowe Herieth akatokea na Mwalimu Evodia. Mlinzi alikuwa nyuma yao na godoro lililokunjwa. Tranka la chuma binti alikuwa amelibeba mwenyewe kichwani. Walisimama hatua chache kabla ya geti, na mwalimu akatangulia peke yake.

"Nimemuuliza," alisema.

"Amesemaje?"

Mwalimu Evodia alimtazama bila kutabasamu, lakini bila ubaya. "Yule pale, mzee Alois. Muulize mwenyewe."

Alois alivuka geti. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, maneno ya baba, yenye mwanzo na mwisho. Yalimtoka yote. Alimtazama binti yake aliyekuwa na wino vidoleni na jasho juu ya mdomo, akagundua kwamba anaogopa jibu lake kuliko alivyomwogopa yule afisa.

"Mtihani ulikuwaje?" aliuliza.

"Nimejibu yote."

"Na sasa unataka kwenda wapi, mwanangu?"

Alisema na kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu, maana mdomo wake ulizoea kujaza nafasi ya kila mtu. Herieth alimwangalia kwa makini, kama mtu wa maabara anayesubiri mchanganyiko uchemke ili aone rangi yake.

"Nakuja nyumbani," alisema. "Mpaka matokeo yatoke. Yakitoka nakwenda yanakonipeleka, hata kama ni mbali. Na asiniulize mtu."

"Hataniuliza— hatakuuliza mtu."

Shija alikuwa amesogea. Aliinyoosha mikono kuelekea godoro, akaisimamisha hewani kabla haijaligusa.

"Nikupakilie, Herieth?"

Jina lile lilitoka kinywani mwake kwa uzito, kama neno la kigeni. Binti aliyatazama madume, akautazama mkokoteni.

"Godoro pakia, baba. Asante. Mimi nitatembea."

Shija alilipakia, akalifunga kwa kamba, akaangalia mara mbili kama limekaza. Kisha akawaambia madume neno moja, magurudumu yakaanza kukanyaga tope.

"Lete hilo tranka, nikusaidie," alisema Alois.

"Hili nabeba mwenyewe."

Akatangulia, shingo imenyooka, tranka halitikisiki. Alois alimfuata kwa nyuma kidogo, mikono mitupu, akitafuta swali la pili.